Orodha ya Maombi Iliyobaki Buffalo

Papa Neema,

Sianzi na salamu. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba laini ikiwa bado wazi, mtu haanzi upya na hujambo, anasema neno lake. Kwa upande wangu haijakatika.

Nina kosa la kukuambia, lakini kwanza nikupe habari za watu. Mama Neema yuko palepale Shively, hapo Louisville, anakula vizuri sasa. Ameanza tena kumgombeza Neema kwa Kiswahili na Neema anamjibu kwa Kiingereza, kwa hiyo nyumba inarudi kuwa nyumba. Koti lako la kiwandani bado liko kwenye msumari nyuma ya mlango. Seva yako, ile kompyuta inayobeba tovuti ya kanisa, iko chini ya ngazi, juu ya matofali mawili, imefunikwa kile kitenge ulichosema kinaizuia isile vumbi. Nilikuambia itakufa kwa joto, ukanicheka. Mimi niko Buffalo, kwenye ghala lilelile la Cheektowaga, nabandika lebo kutwa nzima. Wenzangu wananiita injinia kwa kunitania. Hilo nalo ni kosa lako.

Nazikosa Jumamosi zetu za simu. Ulikuwa na subira na mimi, Papa Neema, hata nilipouliza kitu kilekile mara ya nne. Tovuti ya kanisa ilikuwa moja kwa miji yetu mitatu, Louisville, Columbus na Buffalo, na chanzo chake ni hiyo seva yako ya chini ya ngazi. Ukaiunganisha na kampuni ya kusambaza kurasa, ile yenye kompyuta zake katika miji mingi, ili akina mama wa Buffalo wasingoje kurasa mpaka chai ipoe. Ukasema, kwa Kiswahili chako kilichochanganyika na Kifaransa, "Bon, Riziki, sikia. Picha ya kwaya haibadilike. Kampuni itunze nakala karibu na watu. Lakini orodha ya maombi inabadilika kila saa. Ile usiitunze. Kila mara wakuje kuiuliza huku nyumbani."

Nikakubishia. Kama lazima swali lifike Shively, kampuni inatusaidia nini? Ulicheka mpaka ukakohoa. Ukaniambia kompyuta ni kama watu wetu, haziongei shughuli kabla ya kusalimiana. Kutoka simu ya Buffalo hadi kwako, salamu zinakwenda na kurudi mara mbili tatu, njia yote hiyo, ndipo lisemwe neno moja. "Donc ile kompyuta ya kampuni inakusalimia hapo karibu na wewe, haraka. Ile kompyuta na mimi tulisha salimiana zamani, hatukukata laini. Swali lako linapita moja kwa moja. Njia moja ikijaa, inajua ingine." Jibu linatoka nyumbani, jipya, na halichelewi. Nililielewa siku ile na sijalisahau.

Sasa sikia nilichofanya.

Ulipolazwa, sikutaka kukusumbua. Mama Furaha, kiongozi wa maombi wa akina mama wa Riverside, hapa Buffalo, alilalamika kwamba ukurasa unasuasua, na mimi nikaona hapa ndipo nitakapoonyesha kwamba nimeiva. Nikaandika amri moja kwa tovuti nzima: kampuni itunze nakala ya kila kitu siku saba. Picha, ratiba, na orodha ya maombi pia. Kurasa zikafunguka upesi. Mama Furaha akanibariki. Nilijisikia bingwa.

Akina mama wa Riverside walikuwa wanaingia mfungo wa siku tatu kwa ajili yako. Unaujua mfungo wao: wanajifungia kanisani, simu zote zinazimwa na kuwekwa kwenye beseni, inabaki moja tu ya kufungulia orodha asubuhi. Waliifungua asubuhi ya kwanza. Jina lako lilikuwa la juu kabisa, kwamba uombewe upone.

Ukafariki jioni ya siku hiyohiyo.

Mama Neema mwenyewe ndiye aliyelitoa jina lako kwa wagonjwa, akaliandika kwa waliolala. Nilipopata simu nilipanda gari kuja, nikapitia Columbus kuwachukua wenzetu. Wao walikuwa wameshaiona orodha mpya, maana kabla ya hapo hakuna aliyekuwa ameifungua kule, hapakuwa na nakala ya zamani. Basi nikaamini na Buffalo wameiona. Wala sikupiga simu kuuliza.

Siku ya tatu ya mfungo, tumekaa sebuleni kwako kwenye matanga, simu ya Mama Neema ikalia. Akaiweka sauti kubwa, kama alivyofanya kwa kila mpigaji rambirambi. Mama Furaha alikuwa anacheka. "Mama Neema, tumemaliza! Papa Neema ameamuka? Tuko tunapika uji ya kufungulia."

Mke wako, Papa Neema, macho yamemvimba, akasema polepole, "Mama Furaha, kaa kwanza. Uko na muntu hapo pembeni?" Halafu akamwambia. Yeye mfiwa ndiye aliyembembeleza mwenzake mpaka akatulia.

Nilishuka chini ya ngazi kana kwamba natafuta kitu, nikaifuta ile amri. Nikarudi nikakaa. Watu walisema mashine ya marehemu imezeeka, imedanganya. Nami nikawaacha waseme. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Ulinipa ufundi bure, na nikaacha lawama yangu ikae juu ya kazi ya mikono yako.

Ilikaa siku arobaini. Tulipotoa matanga, mzee mmoja wa Columbus akasimama akashauri seva itupwe, tutafute kitu cha kuaminika. Mama Neema alikuwa anakitazama kile kitenge. Nikasimama, nikasema mashine haikukosa, niliyekosa ni mimi, ulinikataza na nikafanya. Nikaeleza yote, hata zile siku saba.

Nilingoja anifukuze. Mama Neema akaniuliza, "Donc kule Buffalo, siku mbili hizo zote, alikuwa akingali muzima?"

Nikasema ndiyo, Mama.

"Bon," akasema. "Afazali kulikuwa fasi moja kwenye alikuwa muzima." Akanivuta nikae karibu naye. Nililia kama mtoto, na Mama Furaha, aliyekuwa amesafiri kuja, akanipa kitambaa chake bila kunitazama. Baadaye alinitania kwamba uji wao nitaulipa kwa kupika mwenyewe. Nimeshaupika.

Seva inabaki. Nakuahidi nitaitunza, na kitenge chako nitakiacha ingawa hakina faida. Nakuahidi hakuna mtu wa Riverside atakayeombea tena habari ya jana: orodha inaulizwa nyumbani kila inapofunguliwa, kama ulivyosema. Ila ile picha yako na kwaya, ukiwa umefumba macho, nimeamuru itunzwe miji yote mitatu, bila mwisho wa siku. Ulisema kisichobadilika kikae karibu na watu.

Pumzika, Papa Neema. Mimi laini siikati.

Riziki wako