Hewa Juu ya Zebaki

Mohoro, Jumatatu, Mfungo Pili

Zebaki ya kipimo cha hewa ninachokitunza bomani inashuka kila siku, nami kila siku nawaambia wakata mikoko wasitoke, dhoruba yaja. Haiji. Leo shemeji Mbwana kanicheka mbele ya watu: "Shemeji, kioo chako kina homa, kipeleke kwa mganga!"

Nimecheka nao, lakini nimeumia. Nikaenda nikauinamisha mrija wake wa kioo polepole, kama nilivyofunzwa. Zebaki ikifika juu hugonga kioo, tik! Leo imefika kimya, kama imegota kwenye mto wa pamba. Basi hewa imepenya pale juu, pasipotakiwa kuwa na kitu, nayo ndiyo inayoisukuma chini.

Nilifurahi, wallahi. Nikamwambia shemeji, "Nenda zako, kipimo ndicho kibovu." Akapakia boriti za mikoko jahazini, akaondoka baharini maji yalipokupwa alasiri.

Sasa upepo unang'oa makuti. Kumbe hata kipimo kibovu huweza kushuka kwa haki. Hilo sikulifikiri.

Dada yangu, mkewe Mbwana, kaja na kanga imelowa. "Kaka, kioo kinasemaje?"

 Nimemwambia, "Tawadha, tuswali."