Ringi za Matairi Uliyotuzawadia

Chumba cha Juu, Duka la Vitambaa,
Mkabala na Kituo cha Mafuta.

Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Basi ndiyo nilikuwa nimefika hapo, pale gari lilipoanza kuyumba mteremkoni, na simu ikakatika! Nilipiga tena na tena, ikawa haipatikani. Najua ulibaki roho mkononi. Kwa hiyo kabla ya lolote, tulia: tuko hai, tuko wazima, hakuna aliyechubuka hata kidole. Yaliyobaki nimeona heri niyaandike, maana karatasi haikatiki katikati ya neno.

Nisamehe, nimeanza habari kabla ya salamu, na wewe ndiye uliyenifundisha adabu. Hujambo, Shangazi yangu? Mgongo unaendeleaje? Bado unainamia cherehani kutwa nzima, au umeanza kumsikiliza daktari? Macho je? Sisi huku, ukiondoa hofu nitakayokueleza, afya ni njema kabisa. Hata nimenenepa kidogo. Wifi yangu anasema ni ndoa.

Na ndoa, Shangazi! Sikujua kwamba mtu anaweza kufurahia hata mlio wa viatu vya mtu mwingine kwenye ngazi. Nikiwa dukani chini napima vitambaa, nikisikia gari la mume wangu linaingia, mita zinanipotea, naanza kupima upya. Mwenye duka ananitazama tu na kutikisa kichwa. Wenzake kazini wanamwita Taratibu kwa sababu ya uendeshaji wake, na mimi nyumbani nimelichukua jina hilo hilo, kwa maana linamfaa hata anapomimina chai.

Unajua kazi yake ni kuwapandisha milimani mafundi wa minara ya simu kwa gari lake. Wengine walituzawadia masufuria na mashuka siku ya harusi. Wewe peke yako ndiye uliyefikiria njia anayopita, ukatuzawadia matairi manne ya matope, yenye meno makubwa kama ya mamba. Alipoyaona alikaa chini. Akayafunga wiki ile ile kwenye ringi zake za zamani, na kumbe hapo ndipo mashaka yetu yalipoanzia. Si kwa kosa lako hata chembe. Matairi yako hayana doa. Ringi ndizo zilizokuwa zimechoka.

Siku ile alinichukua nikaone ofisi yake, maana ananitania kwamba ana ofisi isiyo na kuta. Tulifika juu kabisa kwenye mnara, tukala mikate yetu kwenye upepo, nikajiona malkia. Wakati wa kushuka, kwenye kona ambayo upande wa kushoto hakuna kitu isipokuwa hewa, nikasikia ko, ko, ko chini ya miguu yangu. Usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwake. Akaniambia kwa sauti ya chini sana, "Mke wangu, shika kwa nguvu, na usiongee na mimi." Akalibana gari kwenye ukuta wa udongo wa upande wa kulia, likajikwaruza hadi likasimama. Nikashuka, nikainama kutazama. Ringi ya mbele ilikuwa imepasuka kuzunguka matundu ya nati, na tairi lako limesimama juu yake zima, na upepo wake wote.

Fundi wetu wa magari, mtu mnene wanayemwita Kilo, alizitazama zilizobaki. Mbili nyingine zilikuwa zimeshaanza nyufa, na moja ilikuwa imechomelewa na fundi fulani wa zamani aliyeficha kazi yake kwa rangi. Kilo akasema, "Taratibu, hizi si ringi. Ni vipande vya chuma vinavyoheshimiana tu." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nawaza tumevipanda mara ngapi vipande hivyo vikiwa bado na heshima.

Mama mkwe akashauri tuuze matairi, tununue magurudumu kamili kwa mtu mmoja, yaishe. Taratibu alikataa. Alisema, "Mama, nitamtazama vipi yule shangazi yake?" Nilimpenda zaidi saa ile, Shangazi, lakini pia moyo wangu ulishuka. Ilibidi sasa tutafute ringi za kuyafuata matairi, na zilifuate gari pia.

Najua wewe gari unalijua kwa kulipanda tu, kama nilivyokuwa mimi. Ni hivi. Ringi ni kile chuma cha katikati ambacho tairi limevishwa. Matairi yako ni ya inchi kumi na sita, kwa hiyo ringi ya kumi na saba haiingii na ya kumi na tano inapwaya, kama kola na shingo. Upana nao una kiasi chake. Hayo ni ya tairi. Halafu kuna ya gari: matundu sita ya nati, na umbali kati ya tundu na tundu uwe ule ule, kama vifungo na vishimo vyake. Mwisho kuna kina, yaani ringi inaingia ndani kiasi gani au inatokeza nje kiasi gani. Hilo la mwisho ndilo tulilolidharau.

Tulikwenda yadi ya magari mabovu, kwa muuzaji mmoja wanayemwita Kioo kwa jinsi anavyong'arisha kila kitu. Taratibu akaziona ringi nne za aloi, zinang'aa hadi unajiona uso. Kioo akanigeukia mimi, mjanja yule: "Shemeji, mkizifunga hizi, hata mbuzi watasimama barabarani wazitazame." Matairi yako yalikaa juu yake kama yamezaliwa nayo. Nati zikaingia zote sita. Akaturuhusu tukae nazo hadi Jumamosi tuzijaribu.

Tulizunguka mtaani sisi wawili, madirisha yote wazi. Taratibu alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu siku ya harusi. Akaniambia, "Nataka upande gari linalofanana na wewe." Shangazi, ungefanya nini ukiambiwa hivyo? Mimi niliyeyuka. Lakini tuliposimama nikaona matairi yametokeza nje ya mwili wa gari, kama mabega ya mtu aliyevaa koti la mdogo wake. Nikamwuliza. Akasema, "Huo ndio urembo wenyewe."

Nilinyamaza, lakini hofu haikunyamaza. Nikishika kitambaa dukani nasikia ko, ko, ko. Niliogopa barabara, na niliogopa pia kuwa mke yule anayezima furaha ya mumewe kabla hata picha za harusi hazijatundikwa ukutani.

Halafu Ijumaa wifi yangu alipanda nyuma na mizigo yake ya sokoni, nikaliona gari linakaa chini. Likashuka, madigadi, lile bati la juu ya gurudumu, ikasogea karibu na tairi. Hapo likanijia jambo moja: sisi tulilijaribu gari tukiwa wawili tu, tunanong'onezana, barabara imenyooka. Lakini mlimani halipandi na bibi harusi mwepesi. Linapanda na mafundi wanne, vyuma vyao, nyaya zao, na kona moja baada ya nyingine.

Jumamosi asubuhi nikamwomba kitu kimoja tu, kama zawadi. Alipakie gari kama linakwenda kazini. Kwa kuwa mafundi hawakuwepo, nikawaita mama mkwe, wifi, majirani wawili wenye miili ya kutosha, na Kilo mwenyewe. Mwenye duka akatuazima majora ya vitambaa ya kujaza nyuma. Wifi akauliza, "Tunakwenda kuoa wapi?" Mama mkwe akamwambia, "Kaa, wewe, unahesabika kama chuma leo."

Nikasimama nje. Nikamwambia Taratibu akunje usukani hadi mwisho, apande polepole lile jiwe la ukingo wa mtaro mbele ya duka. Akapanda. Kraaa! Shangazi, sauti ile sitaisahau. Tairi lilikuwa limeingia kwenye bati la madigadi, na jino moja la mpira likaning'inia limekatwa. Nilikuwa natazama jiwe la mtaro, na ninachokiona ni ile kona.

Taratibu akashuka, akainama, akapapasa. "Ni kidogo tu," akasema. "Tutakata bati hapa."

Wifi akadakia kutoka ndani, "Kata, kaka. Ukimaliza kata na mlango, tutokee vizuri."

Kilo akafungua nati moja, akatuonyesha. Nati zile zilikuwa za ringi za chuma cha kawaida, na kwenye aloi zilikuwa zinashika kwa ukingo tu, hazikai. Taratibu akasema atatafuta nati nyingine. Bati atakata, nati atatafuta, ringi zibaki. Ndipo nikashindwa. Mbele ya mama mkwe, mbele ya majirani, nikalia kwa sauti. Nikamwambia, "Siku utakayopanda na hizi, napanda na wewe, tukianguka tuanguke sote." Taratibu akamchukulia Kilo spana, akaiweka chini, akaondoka kwa miguu, bila kofia, bila kuaga.

Saa zile alizokuwa hayupo niliogopa kuliko nilivyoogopa mlimani. Niliwaza nimemwaibisha, nimeharibu kila kitu. Mama mkwe hakunilaumu. Alikaa karibu yangu akakunja majora, na kila gari lilipopita alinyanyua macho kutazama barabara, kama mimi.

Mchana Taratibu alirudi ndani ya gari la Kioo, na ringi nne nyuma. Nyeusi, za chuma, zimetoka kwenye gari la aina ile ile kama letu lililogongwa nyuma. Amejaa vumbi hadi kwenye nyusi. Akasimama mlangoni akasema, "Mke wangu, nimezipata. Ni mbaya kabisa." Nilimkumbatia mbele ya Kioo, na Kioo, aliyekuja kuchukua zake za aloi, akajifanya anakagua ukuta.

Hatukuziamini hivi hivi. Tulizipima kwa futi yangu ya dukani: upana, matundu, na kina, kwa kulaza rula juu ya ringi na kushuka hadi pale inapogusana na gari. Zikalingana na zile za zamani. Kisha Kilo akazipaka mafuta ya taa, akafuta, akapaka chaki, tukangoja. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yake hujitokeza kwenye chaki kama mstari. Tulisimama watu wazima tunatazama chaki ikikauka. Nilikuwa nimeshika mkono wa mume wangu. Mstari haukuja. Kwenye ringi ya kwanza haukuja, kwenye ya mwisho haukuja.

Matairi yako yakafungwa juu yake, gari likapakiwa tena, watu wale wale, majora yale yale. Akakunja usukani hadi mwisho, akapanda jiwe. Kimya. Mama mkwe akasema ndani, "Haya, sasa nishusheni, miguu imekufa ganzi."

Siku ya kwanza ya kazi, Jumatatu iliyopita, niliomba ruhusa dukani nikapanda nao. Nilikaa katikati ya mafundi, sikio langu lote liko chini. Tulipofika kwenye ile kona wakati wa kushuka, nilifumba macho. Hakukuwa na sauti isipokuwa mpira na kokoto. Tulipokwisha kupita, fundi mmoja akasema kwa upole, "Shemeji, sasa naomba mkono wangu. Anayestahili kuminywa yuko mbele pale, anaendesha." Gari zima lilicheka, na Taratibu alicheka hadi akasimamisha gari, akashuka, akakagua nati moja moja ndipo tukaendelea.

Lakini sitakudanganya, Shangazi, hofu haijaisha. Kesho anapanda bila mimi, mnara wa mbali zaidi, na mvua imeanza. Ninajua sasa kila nati ilipo, na kujua huko hakunisaidii kulala usingizi wa zamani. Niombee. Mwombee yeye zaidi. Nilikuwa sijui kwamba kumpenda mtu hivi ni kuogopa hivi pia. Je, na wewe ilikuwa hivyo ulipoolewa? Uniambie ukweli, usinibembeleze.

Mpe Bibi salamu zangu, umsomee barua hii lakini ile kona uiruke. Msalimie binamu yangu wa saluni, na yule jirani yako mwenye redio ya kelele. Mama mkwe anakusalimu, anasema matairi yako yamemfanya apande gari mara mbili bila kwenda popote. Mungu akutunzie macho yako, akupe nyuzi zisizokatika na wateja wasiogombana.

Taratibu ameketi hapa mezani, ananisomea begani. Nimemwambia aandike ahadi mwenyewe kwa mkono wake, nayo ni hii: *Shangazi, ringi hizi zikishazoea barabara nakuletea mwanao, kabla mwezi huu haujaisha.* Nimefurahi ameiandika kwako wala si kwangu. Mimi angeweza kunibembeleza, lakini wewe utakuwa umeweka chai mezani unangoja, na mtu anayengojewa na wewe lazima kesho ashuke mlimani salama. Tutakuja, Shangazi. Kabla mwezi haujaisha, sote wawili.

Ni mimi mwanao, nikupendaye kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba,

Kidoti