Maji ya Boti ya Baba

Baba Audrey,

Audrey asitoke bila sweta. Chai iko kwa thamosi.

Asubuhi mifereji ilikauka, nikaenda kununua maji kwa dada yako Trizah. Kumbe amejaza maji ile boti ya mpira ya baba yangu kama tangi, anauzia mtaa wote wa Mashimoni! Na wewe uliniambia iko kwa fundi.

Tuliichagua pamoja, zawadi ya baba. Tukaacha ile ya bei rahisi kabisa, tukachukua hii inayojazwa hewa pande mbili, ili upande mmoja ukitoboka, wa pili umfikishe baba ufuoni kutoka kwa mashua yake. Unajua magoti yake hayawezi tena kutembea majini.

Naenda kwa baba Homa Bay mikono mitupu. ~~Nitarudi Jumapili.~~ Nitarudi nikitaka. Baba nitambeba mgongoni.

Hiyo chai nimeipika na maji ya boti. Kunywa yote.

Mama Audrey