Kiti Chako Kina Msumari, Babu

...na ndiyo maana nasema, Babu, mume wangu wa kwanza, usione wivu. Huyu wa pili, Magesa, nampenda mpaka juzi nimemtilia chumvi kwenye chai badala ya sukari. Amekunywa kikombe kizima, akafuta mdomo, akasema, "Tamu." Niambie kama huyo si mume!

Ungekuwepo ungemtania mpaka ajute kutoka kwao Butiama. Ungemwambia, "Kijana, umeniibia mke," na Bibi angejibu kutoka jikoni kwamba achukue na mzee mwenyewe, asiache kitu. Nilikukumbuka sana siku ya harusi. Lakini leo nakuandikia kuhusu kiti chako.

Kile cha mninga, chenye ngozi ya mbuzi, kilichokaa dirishani pale Suguti panapoingia upepo wa ziwa. Hakuna aliyekikalia ila wewe. Ulikaa umeegemea kushoto, bega moja juu, kidevu kwenye kiganja, nasi tulijua hivyo ndivyo anavyokaa mtu mkubwa. Baba Mkubwa akakuiga. Baba wadogo wakamwiga Baba Mkubwa. Mpaka leo, kwenye kikao cha ukoo, wanaume wote wamelalia kushoto kama migomba iliyopigwa na dhoruba.

Wewe hukutukataza hata siku moja. Bibi ndiye aliyesema mtoto akikikalia ataota majipu makalioni. Sisi wakubwa tukawapa wadogo habari hiyo, na majipu tukayaongezea ukubwa. Unakumbuka ile jioni uliponiita? "Mke wangu, njoo ukae hapa kidogo, uone." Nikakimbilia jikoni nalia, namwambia Bibi kwamba umeanza kunichukia. Ulicheka. Sasa najua kicheko kile hakikuwa cha raha.

Sekondari, kwenye somo la uraia, tulifundishwa kwamba mtawala ana askari na gereza. Nikaandika, nikapata vema. Kumbe wewe ulikuwa na kiti tu, na askari wake tulikuwa sisi.

Basi, siku ya harusi Bibi akasimama mbele ya watu: "Mzee alisema kiti chake aje apewe huyu mjukuu." Akaninyooshea mimi kidole. Watu wakapiga vigelegele, wakaenda kumpongeza Magesa! Na mimi, Babu, nilimpongeza pia. Nilimshika mkono nikamwambia, "Hongera mume wangu, umepata kiti."

Tulipofika nyumbani kwetu Nyakato nikakitandika ngozi, nikamkaribisha kama mfalme. Akakaa. Akaruka.

"Mama yangu wa Butiama! Kuna mdudu!"

Hakukuwa na mdudu. Kulikuwa na msumari, upande wa kulia, umechomoza chini ya ngozi. Nikabaki nimeshika mdomo. Miaka yote ile, Babu! Ule ukubwa wote, lile bega, kile kidevu: ulikuwa unaukwepa msumari.

Magesa ni fundi pikipiki, koleo haiko mbali naye. Akataka kukipindua kiti autoe kwa chini. Nikapiga kelele, "Usikigeuze miguu juu! Mji utapinduka!"

"Mji gani? Si tuna chumba na sebule tu?"

"Ndivyo Bibi anasemaga."

Akanitazama kwa huruma nzuri mpaka nikampenda upya, lakini kiti sikumruhusu aguse. Msumari ukabaki.

Jumapili Baba Mkubwa akaja kutoka Bunda na gari la kukodi la mizigo. Hakuzunguka. "Binti yangu, mwanamke hapewi kiti. Na mkwe, bila kukukosea heshima, si wa ukoo. Kwa hiyo kiti hiki ni changu. Nimekifuata."

Ni kitu pekee chako nilichonacho. Na yote aliyosema nilikuwa nayaamini tangu utotoni. Nikasema tu, "Karibu ukae, baba."

Akakaa kwa mbwembwe, wima, katikati. Jasho likamtoka hapo hapo. Akalala kushoto taratibu, akashika kidevu. Nikaleta chai, yenye sukari safari hii. "Kiti kizuri," akasema, macho yamemtoka. Akamaliza chai. Akamwinamia Magesa, akanong'ona, "Mkwe, unayo koleo?"

Tulicheka mpaka dereva akachungulia. Nikampigia Bibi simu, nikaweka sauti ya nje, nikamweleza habari ya msumari. Bibi naye akacheka. "Aliniambiaga kila siku kinamchoma! Nikamwambia kiti cha mwenye mji hakipinduliwi, vumilia, baba. Akasema, 'Basi nikifa apewe mke wangu mdogo, huyo mwenye kukimbia. Siku akikaa, ataniamini.'"

"Apewe yeye?" Baba Mkubwa akauliza. "Si mumewe?"

"Mume ametajwa wapi? Masikio yako yako Bunda?"

Baba Mkubwa akainuka. Kisha akakipindua kiti kwa mikono yake mwenyewe. Miguu ikatazama dari. Tukasubiri. Mji haukupinduka, jirani aliendelea kukaanga dagaa. Msumari ukatoka. Baba Mkubwa akakaa kujaribu, na akalala kushoto vilevile.

"Baba, msumari haupo," Magesa akamwambia.

"Najua. Lakini hapa kati naona aibu."

Akaondoka na gari tupu. Kiti kikabaki, na Magesa wangu akanivutia mkono: "Mwenye mali, kaa." Nikakaa, Babu. Laini kabisa! Upepo ukaingia dirishani, nikakukumbuka mpaka machozi yakanilenga, nikageuka nimwambie mume wangu kitu kitamu, nikamkuta anacheka hana mbavu. Nilikuwa nimelala kushoto, kidevu kwenye kiganja.

Sasa najifunza kukaa wima. Kila jioni Magesa ananisimamia, akiona bega linapanda ananibusu linashuka, kwa hiyo sina haraka ya kuhitimu. Uliniita nikakimbia, nikikaa wima bila kusimamiwa nitakuwa nimeitika. Kabla ya mwisho wa mwezi huu tutakuja Suguti, kiti kimefungwa nyuma ya pikipiki, nikiweke penye kaburi lako, nikae hapo kidogo, uone.

Mkeo mdogo, yule mwenye kukimbia