Kamba Zilizolegea

Kitangari, Jumanne, Oktoba 1994

Na leo tena. Nimepiga chafya nikijitwisha ndoo kule bondeni, kanga ikalowa mbele ya wenzangu. "Ndoo yako inavuja, Mama Zuhura," jirani akasema. Nikamshukuru kwa kuisingizia ndoo.

Udhu unatenguka kila nikikohoa, na maji ya kutawadhia nayafuata kwa ndoo hiyohiyo.

Nikapitia zahanati mpya ya mtu binafsi. Soko huria limetuletea zahanati, bomba bado. Muuguzi, binti mdogo, akaniamkia, kisha akanieleza: misuli inayoushikilia mrija wa mkojo imelegea kwa uzazi, kama kamba za kitanda. Nikikohoa, tumbo linasukuma, mrija unashuka, haufungi vizuri. Dawa ni kubana kama ninayezuia mkojo, kisha kuachia, kila siku.

Nilitaka kucheka. Zoezi hilohilo kungwi alinifundisha nilipoolewa, ili mume asitoke nje.

Nilibana. Baba Zuhura akatoka, akafika hadi Mkunya, akaoa huko. Nikaona kazi bure, nikaacha.

Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba misuli ile ilikuwa ya kwangu.