Juma, Ile Paa Bado Iko

Juma, rafiki yangu,

Hapa Kendu Bay kila mtu anasimulia vibaya hii maneno ya paa yangu. Wengine wanasema ni dawa, wengine ni maombi ya kina mama wa Sabato. Waongo wote. Wenye wanajua ni mimi na wewe, na wewe umelala, kwa hivyo nimebaki mimi, na unajua vile mimi husema ukweli mtupu. Usicheke.

Mvua ya mawe ilikuja wiki mbili baada ya kukuzika. Saa kumi jioni. Upepo ukatoka kaskazini, kule ziwani, ukabeba mabati ya watu kama gazeti. Ya jirani yangu Odhiambo tuliipata juu ya mti, ng'ambo ya barabara. Mawe makubwa kama kichwa changu. Sawa, kama ngumi. Mama Atieno, bibi yangu, alikuwa kitandani, na ule mguu wake mbovu hawezi kukimbia. Nikamlalia juu, nikangoja kuona mbingu. Paa ikanguruma, ikalia kama wauza omena wakigombana. Haikutoka. Hata msumari mmoja.

Hapo nikakumbuka vile nilikuandika kazi ya hii paa. Mafundi watatu walikuja. Wawili waliuliza kunapikwa nini. Wewe, Mwislamu mwembamba kutoka Mumias, ulisimama uwanjani ukauliza, "Mzee, upepo wa hapa hutoka wapi?" Nikasema huyu ndiye.

Nikaenda Oyugis kununua misumari. Na wewe, bingwa wa mabati, ukapanda kutoa nyasi ya zamani, ukang'oa osuri! Ule mti wa juu kabisa unaosema mwenye nyumba yuko hai! Ukautupa chini kama kuni! Mtu wa kwetu akiona paa haina osuri, anajua mwenyewe amekufa. Nilirudi nikakuta dada zangu wanajigaragaza, Odhiambo ameshaulizia baiskeli yangu. Mama Atieno peke yake amekaa kwa kiti, macho makavu. "Huyu angekufa," akasema, "angetangaza yeye mwenyewe kwanza." Na wewe huko juu, jasho tupu: "Mzee, nisamehe, nilidhani ni ya kuzuia radi!"

Uliirudisha osuri juu ya mabati kwa mikono yako. Halafu ukafunga kila mbao ya paa na ukuta kwa waya, ukapiga misumari kwa mgongo wa bati, si kwa bonde, kila moja na raba yake. Ukaniambia, "Ning'inia hapa, Jaduong', mzee wangu. Ikibeba hiyo maringo yako, upepo ni kitu gani?"

Na mimi miaka yote nimeambia watu ni mimi nilikufunza kufunga waya. Hata mbele yako. Ulikuwa unasikia, unakunywa chai yako.

Siku ulikufa nilikuwa Migori, kwa binti yetu Atieno. Nyinyi Waislamu hamngoji mtu, mnazika siku hiyo hiyo. Mvua ilikuwa imekata barabara, nikafika wakimaliza kufukia. Nikasimama hapo na kofia mkononi.

Sasa Atieno anajenga Masara, na huko pia mvua haina adabu. Wiki jana nilienda kumtafutia fundi. Wa kwanza akaanza kupiga misumari kwa bonde, nikamwambia shuka, baba, maji itapita hapo kama mlangoni. Wa pili aliuliza upepo hutoka wapi. Omera, ndugu yangu, karibu nimkumbatie! Nikamwonyesha ile waya, vile inazungushwa. Akauliza, "Mzee, nani alikufunza?" Mdomo ulishafunguka kusema mimi nilizaliwa nikijua. Nikasema, "Juma wa Mumias."

Ilitoka tu. Haikuuma.

Asante, Juma. Mama Atieno yuko hai, analalamika chumvi kama kawaida. Kila akilalamika nasema asante tena.

Kuanzia leo mtu akiuliza hiyo paa, atasikia jina yako kwanza. Yangu ya pili. Hiyo nimekuapia. Pumzika vizuri, fundi wangu.

Lakini ile mvua ya siku ya kukuzika, hiyo nimetunga. Jua lilikuwa linawaka. Nilikaa steji ya Migori nikiacha gari ziende, moja baada ya nyingine. Niliogopa kukuona ukishushwa kaburini na hiyo asante bado iko kwa mdomo yangu.