Ng'ombe Waliomwoa Mama Nekesa

Munyaka,
S.L.P. 4417,
Eldoret.

Jumapili, 9 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Brigid,

Pokea salamu nyingi kutoka Munyaka. U hali gani huko Kanada, na baridi imeshaanza kuwauma? Baba Janice hajambo? Na Janice mwenyewe, meno ya mbele yameota au bado anacheka na pengo lake? Naomba barua hii iwakute nyote mkiwa wazima. Mimi sijambo, namshukuru Mungu, ila goti la kulia linanisumbua kwa sababu ya kukanyaga cherehani kutwa nzima. Watu wameanza kuagiza sare za shule mapema mwaka huu.

Huku mvua imekataa kuondoka. Ukienda upande wa Kapseret utaona mahindi yameanikwa kila mahali na wenyewe wamesimama kando wakiangalia mawingu. Kaka yetu Maurice alifika Kimilili mwezi wa nane, akafyeka makaburi ya Baba na Mama, na akasema mparachichi uliopanda wewe umezaa sana.

Najua unashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu iko. Ningekutumia ujumbe wa sauti, lakini sauti ingenisaliti kabla sijafika katikati, halafu ungenipigia kunibembeleza, na mimi sitaki kubembelezwa. Marion, binti wa jirani yangu Wacera, anasafiri Jumanne kuja huko masomoni. Amekubali kukuletea.

Sasa nikuambie lililonikaa rohoni. Brigid, nakuonea wivu. Si ule wivu wa utani, wa kusema heri yako unakaa ng'ambo. Ni wivu unaoninyima usingizi na kunifanya nikate kitambaa vibaya. Nimeharibu sketi mbili wiki hii.

Wiki jana Nekesa wa Maurice alikuja kibandani kwangu na ratiba ya tarehe 13 Desemba, siku ambayo watu wa mchumba wake Kipngetich watakuja kwa Maurice kuleta mahari. Ameichapisha vizuri kwa kompyuta, na maua pembeni. Nikasoma kutoka juu. Mwenyekiti, fulani. Maombi, fulani. Senge, yaani shangazi wa bibi arusi, Brigid, kupitia simu. Nikashuka na kidole mpaka chini kabisa, na huko ndiko nikajikuta: Nangila, jikoni, msimamizi wa chapati.

Halafu akanitolea kitambaa cha zambarau akaniomba nishone kifuniko cha kiti cha senge. Yaani simu yenye uso wako itawekwa kwenye kiti kilichovalishwa na mikono yangu, na mimi niliyezaliwa kabla yako miaka kumi na minne nitakuwa nyuma ya nyumba napuliza moto. Nilikichukua kitambaa. Nikamwambia kitakuwa tayari.

Sikuweza kunyamaza lakini. Nilimuuliza kwa nini si mimi. Mtoto akaangalia chini, akaanza kuchezea vifungo kwenye mkebe wangu. "Senge, please usifeel vibaya," akasema. "Ni mum alisema hiyo kiti inataka mtu mwenye ndoa yake imesimama. Ati si vizuri kwa bibi arusi."

Ndiyo hivyo. Mama Nekesa amesema. Mimi niliyemwacha Walubengo kule Timboroa nitamletea binti yake mkosi, lakini wewe uliye na mume na mtoto na nyumba yenye joto ukutani, baraka zako zitapita hewani zifike Munyaka bila kumwagika.

Na Mama Nekesa namwonea wivu zaidi yako, kama ulikuwa unadhani uko peke yako. Tangu aolewe na kaka yetu sijamwona akilia kwa ajili ya mume. Maurice humshikia mwavuli wakienda kanisani, yeye mwenyewe ananyeshewa bega moja, mzee mzima. Jumapili ya leo nimewaona tena. Nimegeuka nikajifanya natafuta sadaka kwenye mkoba.

Kuna jambo ambalo nadhani hukuwahi kuambiwa, kwa sababu ulikuwa mtoto. Mwaka nilioolewa, ng'ombe wa Walubengo hawakumaliza hata wiki mbili katika zizi la Baba. Walipelekwa moja kwa moja kwa kina Mama Nekesa ili Maurice naye apate mke. Ndivyo ilivyo kwetu, ng'ombe wa dada humwolea kaka, na sikuona ubaya. Nilijivuna hata. Nilikuwa nikisema, yule ni mke aliyeletwa na ng'ombe wangu.

Mwaka wa tatu nilitoroka. Mkono wa Walubengo ulikuwa mwepesi, na mtoto alikuwa hajapatikana, basi kila mwezi ulipopita niliulipia. Nikateremka kutoka Timboroa na nguo nilizovaa mpaka Kimilili. Utakumbuka nilipofika. Ulikuwa darasa la pili, ukadhani nimekuja kukutembelea, ukanivuta mkono kunionyesha daftari lako la hesabu. Ulipata kumi kwa kumi. Tulilala kitanda kimoja na ukaniuliza kwa nini nalala kwa tumbo. Mgongo haukulalika.

Asubuhi Baba aliniita. Mama alikuwepo, Maurice alikuwepo, na Mama Nekesa alikuwa ameketi karibu na mlango na tumbo lake la miezi minane. Baba hakuwa mkali. Alisema nikibaki, Walubengo atadai ng'ombe wake, na ana haki. Ng'ombe hao wako kwa wazazi wa Mama Nekesa. Watakaporudishwa, Mama Nekesa naye itabidi arudi kwao. "Sasa mwanangu, tuvunje nyumba mbili?" aliniuliza. Halafu akanipa methali yake ile, kwamba ng'ombe haelemewi na nunduye.

Nilimtazama Maurice, akatazama kofia yake. Nilimtazama Mama Nekesa. Alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili. Sikumlaumu siku hiyo, na sijui kama namlaumu sasa. Kesho yake Baba mwenyewe alinirudisha Timboroa. Watu walikuwa wakivuna mahindi, na baada ya wiki tatu nikaletewa habari kwamba kaka amepata msichana, ameitwa Nekesa kwa sababu ya mavuno.

Nilikaa na Walubengo miaka minane mingine. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kwa hiyo sitakuhadithia yote. Nilihesabu watoto wa Maurice tu. Nekesa, halafu Wabuge, halafu yule wa mwisho. Alipozaliwa wa tatu niliondoka, na mara hiyo wazee walisema haidhuru, ng'ombe wameshakuwa watoto na watoto hawarudishwi zizini. Nikakodisha chumba hapa Munyaka, nikanunua cherehani ya mkono wa pili, na sijawahi kumwomba mtu chochote.

Mungu hakunipa mtoto, unajua. Lakini nilikuwa na Nekesa. Nilimshonea sare kuanzia darasa la tatu hadi alipomaliza. Alipovunja ungo alikuja kwangu kwanza, si kwa mama yake. Hata Kipngetich alinionyesha mimi kabla ya wazazi, hapa hapa kibandani, akasema tu kwamba ni mteja anataka kupunguza suruali. Suruali haikuwa na kasoro yoyote. Katika moyo wangu yule ni mtoto wa ng'ombe wangu, na ng'ombe wangu nimewalipia kwa mgongo. Ndiyo maana nikiona jina lako kwenye karatasi ile natamani kuichana, na wewe ni mdogo wangu ninayekupenda.

Nisamehe nikisema hivi. Najua hukuomba kiti. Umeulizwa, ukaona ni heshima, ukakubali, hata mimi ningekubali. Lakini ulisema ndiyo bila kuniuliza. Ulikuwa na namba yangu.

Kama ingekuwa heshima peke yake ningekunywa chai yangu ninyamaze, na chapati ningezisimamia. Jambo linalonisumbua ni lingine. Jumatano nilipita kwa Maurice kupima dirisha kwa ajili ya pazia, nikamkuta na Wabuge wanapanga. Wabuge ameshapata msichana, na wazazi wa msichana hawataki kungoja. Maurice akasema kwa furaha, mbele yangu, huku anamimina chai, "Ng'ombe za Kipngetich zikishuka kwa gari, hata zisizimiwe engine. Ziende tu moja kwa moja." Wakacheka. Mama Nekesa hakucheka. Alinitazama, mara ya kwanza baada ya miaka mingi aliniangalia usoni, kisha akaingia jikoni na hakutoka mpaka nikaondoka.

Kwa hiyo anajua. Alijua siku ile mlangoni na anajua leo. Nimewaza sana kama ameninyima kiti kwa sababu ya mkosi, au kwa sababu anajua nitasema nini nikikikalia.

Usinielewe vibaya kuhusu Kipngetich. Ni kijana mpole, anafuga ng'ombe wa maziwa pale karibu na uwanja wa ndege, anamsikiliza Nekesa akiongea mpaka amalize. Nampenda. Lakini Walubengo pia alikuwa mpole siku ya ng'ombe. Hakuna anayekuja kuoa amekunja ngumi.

Unajua siku hiyo senge huingia chumbani na msichana, wawili tu, mlango ukafungwa, kabla hajaulizwa mbele ya wageni kama mali ya watu ipokewe. Hapo ndipo msichana huambiwa maneno ya ndoa. Mimi niliambiwa nivumilie, na senge wetu, Mungu amrehemu, alinishika mashavu akasema nikivumilia nitajenga nyumba. Kweli nilijenga. Nilijenga ya Maurice.

Basi nakuomba moja kati ya mawili, na yote ni mazito. La kwanza, mpigie Maurice umwambie kiti hukitaki, mwenyewe yupo Munyaka. Wewe atakusikiliza, kwa sababu watu walio mbali husikilizwa. Mimi ninayeonekana kila siku nimekuwa kama ukuta.

Ukiona huwezi, kwa kuwa utaleta vita katika nyumba na sherehe imekaribia, basi kaa. Lakini wakikuweka chumbani na Nekesa, usimwambie avumilie. Mwambie ng'ombe wake wasimwolee Wabuge. Wabuge ana mikono, atafute wake. Wa Nekesa wakae zizini kwa baba yake, wale nyasi, wazae, wazeeke hapo, ili siku akitaka kurudi nyumbani asimkute mtu ameketi mlangoni na tumbo kubwa. Mwambie akubali kuolewa kwa sharti hilo, na alitamke yeye mwenyewe mbele ya wazee, kwa sauti. Akishindwa kulitamka, litamke wewe. Uko Kanada, watakufanya nini?

Mwambie bila kulia. Mwambie polepole, Nekesa akiwa na hofu huwa hasikii vizuri. Na ukimwambia vizuri kuliko vile ambavyo ningemwambia mimi, tafadhali usinijulishe.

Nisalimie Baba Janice, na umpe Janice shilingi yake ya jino kutoka kwa mama mkubwa. Wacera anakusalimu, bado anakumbuka ulivyomfundisha kutumia kamera ya simu. Maurice na Mama Nekesa wangekusalimu pia kama wangejua naandika. Mungu akulinde kazini na njiani, na nyumba yako aiache imesimama, nasema hivyo kwa moyo wangu wote, hata ule upande wenye wivu.

Ni mimi dada yako nikupendaye hivyo hivyo,

Nangila